Bunduki ya marehemu babu mitutu inacheza kwenye bawaba, fundi wa weldingi anasema ni kazi ya dakika 20. Nimpe?

Mkulima_wa_Mbagala

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uelewa wa hizi marisau za zamani za mitutu miwili zinazovunjika katikati.

Babu alifariki akaacha geji 12, mitutu imelala sambamba, imeandikwa Birmingham pembeni. Mambo ya mirathi na polisi tumeshamaliza na leseni iko kwa jina langu, kwa hiyo upande huo niko salama. Mzee aliitumia Mkuranga miaka mingi sana kwenye mihogo na korosho, nguruwe pori kule wakiingia usiku mmoja asubuhi unakuta shamba limelimwa upya, na alikuwa anaifuta kila jioni kwa kitambaa cha khanga hata kama hajapiga.

Juzi nimekaa barazani naisafisha nikagundua kitu. Nikiifunga na leva imerudi mahali pake, nikishika mitutu nikatikisa, inacheza. Unasikia kabisa kak kak. Nikainyanyua nikaielekeza dirishani naona uzi wa mwanga kati ya mitutu na ule ukuta wa chuma unaoziba nyuma ya risasi. Binamu yangu akasema komeo limechoka, akanipeleka eneo la Gerezani hapa Dar kwa fundi mmoja wa mageti na eksozi, jamaa ana mkono mzuri kwa kweli, akaangalia akasema atajaza weldingi kwenye komeo kisha apige tupa, dakika 20, elfu thelathini.

Sijaiacha pale. Kuna kitu kimeniambia niulize kwanza. Swali langu ni hili, nguvu ya kufunga kwenye hizi bunduki iko wapi hasa? Ni komeo? Na baba mdogo anasema niendelee kuipiga tu maana imekuwa inacheza hivyo hivyo tangu miaka ya tisini na haijawahi kumdhuru mtu. Nisaidieni.

FundiMstaafu_Temeke

Mwanangu umefanya vizuri sana kuirudisha nyumbani. Usiipige tena na usimpe mtu wa mageti, hata awe na mkono mzuri namna gani. Nimekaa kwenye kazi hii ya kutengeneza silaha tangu kijana mpaka macho yakagoma, na katika bunduki zote zilizoletwa mezani kwangu zikiwa zimeharibiwa, nyingi zaidi ziliharibiwa na matengenezo kuliko na matumizi.

Kwanza tupime, tusianze na dawa. Toa risasi, angalia chemba zote mbili, yani matundu risasi inapokaa, kwa macho halafu ingiza na kidole uhakikishe. Kisha ung'oe ule ubao wa mbele ulio chini ya mitutu, uuweke pembeni kabisa. Watu wengi wanapima na ubao ukiwa umefungwa na ndio maana wanadanganyika, ubao una chuma chake ndani kinachokaa kwenye bawaba na kinasukuma mitutu nyuma, kwa hiyo bunduki mbovu inaonekana nzima. Sasa funga mitutu bila ubao, kitako weka kwapani, shika mitutu karibu na mdomo na utikise.

Ikicheza juu na chini tu lakini nyuma imebana kwenye ukuta, hapo komeo ndilo linalolegea. Ikiwa kuna uwazi kati ya mitutu na ukuta kama huo uzi wa mwanga unaouona, basi tatizo lako si komeo. Tatizo ni bawaba yenyewe, yani pini iliyo mbele ya bodi, kile chuma cha katikati kinachobeba mitutu, na ndoano inayoikumbatia, ule mkato wa nusu duara ulio kwenye nundu ya chini ya mitutu. Hapo hata fundi akijaza weldingi kwenye komeo mpaka asubuhi, mitutu itabana chini lakini haitarudi nyuma kugusa ukuta. Utakuwa umefunga mlango ambao fremu yake imehama.

Nenda kwa fundi magari yeyote uazime filageji, ile ya kupimia plagi, uniletee vipimo viwili, bila ubao na ukiwa na ubao. Na uniandikie mihuri yote iliyopo chini ya mitutu, ile inayoonekana ukishaichomoa kabisa. Usiache hata mmoja. Leva ya juu nayo niambie imesimama wapi ukishafunga. Ikiwa mpya huwa inasimama upande wa kulia kidogo wa mstari wa katikati, ikitumika miaka inasogea kuelekea katikati halafu kushoto.

Mkereza_Vyuma

Mimi bunduki sina, ni mtu wa mashine, nakereza shafti na bushi huku Vingunguti, ila swali la nguvu iko wapi limenigusa na naweza kulijibu kwa hesabu.

Risasi za kawaida za geji 12 za siku hizi zinaruhusiwa kufika presha ya ba 740. Kipenyo cha ndani cha ganda pale nyuma chukua milimita 20, eneo lake ni kama milimita za mraba 314. Ba 740 ni nyutoni 74 kwa kila milimita ya mraba, zidisha unapata nyutoni elfu 23 na zaidi, yani tani mbili na kitu. Tani mbili zinasukuma ule ukuta kwenda nyuma kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Sehemu ya nguvu hiyo ganda linaipunguza kwa kung'ang'ania kuta za chemba lakini chukua hivyo.

Sasa fikiria. Bodi na kitako vinasukumwa kuja begani kwako. Mitutu ni mizito na haijashikwa na ukuta, ukuta uko nyuma yake tu unaigusa. Nini kinaivuta mitutu ifuate bodi nyuma? Ni pini ya bawaba ikivuta ndoano. Mzigo wa kuivuta mitutu unapita pale kila risasi, kwenye upana wa kidole kimoja cha chuma. Halafu kingine, risasi iko juu na bawaba iko chini, kwa hiyo ile nguvu haipiti mstari mmoja na bawaba, inajaribu kuukunja mwili wa bunduki, ukuta unataka kulala nyuma na kona ile ya ndani ambapo ukuta unakutana na sehemu ya chini ya bodi inataka kufunguka. Ndipo nyufa zinapoanzia. Ukiwa na lenzi iangalie kona hiyo, usafishe mafuta kwanza maana mafuta yanaficha ufa.

Komeo kazi yake ni kuikataza mitutu isiinuke. Ni kazi ya lazima lakini si yeye anayebeba ule mzigo wa kuvuta kwenda mbele.

Na kuhusu baba mdogo. Kusukuma na kugonga ni vitu viwili tofauti. Ganda likiwa limebanwa vizuri kwenye ukuta, ukuta unasukumwa. Kukiwa na uwazi, ganda linarushwa nyuma kwanza ndipo linapiga ukuta, hiyo ni nyundo, na kila nyundo inaongeza uwazi, na uwazi ukiongezeka nyundo inakuwa kubwa zaidi. Imechukua tangu miaka ya tisini kufika hapo, lakini haiendi kwa mwendo ule ule. Sisi tunaona kwenye bushi kila siku, ikianza kugonga inakwisha haraka.

Kijana_wa_Ilala

Mi nina swali hapo hapo wakuu. Nimeona marisau zingine zina ulimi unaotokea nyuma juu ya mitutu, unaingia kwenye ukuta, na zingine ule ulimi una tundu na kuna komeo la mviringo linapita kutoka pembeni kulitoboa. Hizo si ndio zenye nguvu zaidi? Mzee mmoja aliniambia bunduki isiyo na komeo la juu usinunue.

FundiMstaafu_Temeke

Swali zuri na limewagombanisha mafundi Waingereza zaidi ya miaka mia moja, tusitegemee kulimaliza hapa.

Makomeo mawili ya chini yanayoteleza ni ya Purdey wa London, 1863. Westley Richards wa Birmingham mwaka mmoja kabla, 1862, alikuwa ameshaweka ule ulimi wa juu wenye kichwa cha mviringo unaokaa kwenye tundu la ukuta. Komeo la mviringo linalopita pembeni ni la Greener, naye wa Birmingham, 1865, na baadaye akaliunganisha na makomeo ya chini. Hoja yake ilikuwa hiyo hiyo aliyoieleza ndugu yangu wa Vingunguti, kwamba nguvu iko juu ya bawaba kwa hiyo ukuta ushikwe juu usilale nyuma. Kwa hesabu ana haki. Lakini kuna bunduki za London zenye makomeo mawili ya chini tu, hakuna chochote juu, na zimepiga maelfu kwa maelfu na ziko imara.

Jibu langu mimi baada ya kuzifungua nyingi, komeo la juu lina faida likiwa limekaa kwa mkono, yani fundi amelifanyia kazi mpaka pande zote zinagusana sawasawa. Bunduki nyingi za bei nafuu zina ule ulimi lakini ndani haugusi kitu, umewekwa kupendeza macho. Ukipaka masizi ukifunga ukifungua masizi yanabaki vile vile. Sasa hiyo ina nguvu gani? Bora bodi nene yenye kona ya ndani iliyozungushwa vizuri, na ndoano inayokumbatia pini nzima, kuliko makomeo manne yasiyogusa. Mimi nanunua bunduki kwa kuangalia bawaba, komeo baadaye.

Mama_Kibiti

Naomba niwaeleze yaliyonikuta ili mdogo wangu wa Mbagala asipite njia hiyo.

Tulikuwa na marisau ya marehemu mume wangu, ya mitutu miwili, ililegea kama hiyo yako. Tukashauriwa tuipeleke kwa fundi, jina lake silitaji na mtaa siutaji. Alifanya mawili. Kwanza aliipiga ile nundu kwa nyundo pembeni ili chuma kitanuke kiende mbele, ikabana kweli, tulifurahi, miezi miwili ikalegea kuliko mwanzo. Tulipoirudisha akaichomelea kwa weldingi ya kawaida ya umeme, ile ya vijiti. Ikabana tena.

Shida tuliigundua baadaye. Kati ya mitutu miwili kuna ule ubapa wa chuma unaopita juu na mwingine chini, ile imeunganishwa kwa lehemu. Joto lilipanda likayeyusha lehemu. Kwa macho huoni chochote. Mwanangu alikuwa ameining'iniza mitutu kwa kamba aipake mafuta, ikagonga ukingo wa meza, ikatoa sauti ya sufuria lililopasuka. Mitutu mizima ukiining'iniza ukaigonga kwa ukucha inalia ting kama kengele, inaendelea kulia. Ile ilitoa tap ikanyamaza. Tulipoipeleka kwa mtu anayejua alisema kutu imeshaingia chini ya ule ubapa na mitutu yenyewe imeanza kuliwa kwa ndani ambako kitambaa hakifiki. Ikabidi tuisalimishe polisi.

Ilikuwa bunduki aliyoipenda sana. Mpaka leo naumia. Tafadhali usimpe mtu wa mageti.

Mkulima_wa_Mbagala

Pole sana mama, nimeisoma mara mbili. Asante kwa kutueleza.

Mzee wangu shikamoo, nimefanya ulivyosema. Vipimo hivi hapa. Bila ubao wa mbele filageji ya 0.20 inapita, ya 0.25 inakataa. Nikiweka ubao ya 0.10 inapita kwa kubana. Ikitikiswa inacheza juu chini pia lakini kidogo kuliko ule uwazi wa nyuma. Leva imevuka katikati iko kushoto kidogo. Kona ya ndani nimeisafisha kwa petroli nikaangalia kwa lenzi ya mwanangu ya shule, sioni ufa, kuna mkwaruzo mmoja lakini ni wa juu juu. Nimeining'iniza mitutu nikaigonga, inalia vizuri, mke wangu aliyekuwa jikoni ameisikia.

Mihuri chini ya mitutu iko hivi, kuna taji na BV, taji na BP, taji na NP, halafu 12 na herufi C ndani ya umbo kama almasi, 2½ na alama ya inchi, na 1⅛ oz. Komeo la juu haina, ni makomeo ya chini tu.

Na swali lingine, kwenye kabati kuna boksi la risasi za babu zimeandikwa 70 mm. Zinaingia kwenye chemba bila shida yoyote na bunduki inafunga.

FundiMstaafu_Temeke

Marahaba mwanangu. Umepima vizuri.

Tuanze na hizo risasi maana nadhani umeniletea ugonjwa wenyewe na hujajua. Hiyo mihuri ni ya nyumba ya upimaji ya Birmingham, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge la Uingereza mwaka 1813, bunduki haiuzwi kule mpaka ipigwe risasi ya majaribio yenye nguvu kuliko ya kawaida na ikaguliwe. Taji na BV, BP na NP vilianza 1904 na vikabadilishwa 1954. NP ina maana imejaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, hiyo ni habari njema. Urefu wa chemba walianza kuugonga kwenye chuma 1925. Kwa hiyo bunduki ya babu imepimwa kati ya 1925 na 1954, na wamekuandikia wenyewe urefu wa chemba. Inchi 2½. Kwenye maboksi ya risasi hiyo huandikwa milimita 65, siyo 70.

Utaniambia mbona zinaingia. Zinaingia kwa sababu ile 70 ni urefu wa ganda likishafunguka baada ya kupigwa. Risasi mpya imekunjwa mdomo, ni fupi, inaingia kwenye chemba ya 65 bila kelele na bunduki inafunga kama kawaida. Ukivuta kifyatulio mdomo wa ganda unafunguka kwenda mbele, chemba imeisha, unafungukia pale ambapo mtutu unaanza kuwa mwembamba, vile vidonge na pamba yake vinapita kwenye koo lililobanwa. Presha inapanda. Na baadhi ya hizo za 70 zinabeba vidonge vizito kuliko hiyo 1⅛ oz, ambayo ni kama gramu 32. Chukua ganda moja la zamani lililokwisha kupigwa, lipime kwa rula, kisha jaribu kuliingiza. Utaona.

Wala simlaumu marehemu. Miaka hiyo dukani alipewa geji 12 akachukua geji 12. Nyingi zinazouzwa siku hizi ni hizo za 70 na watu wachache sana wanageuza boksi kusoma.

Sasa uwazi wako. Milimita 0.20 ni unene wa karatasi mbili za kuandikia. Bunduki nzuri hata karatasi moja ya kusokotea sigara inatakiwa ibanwe pale. Kwa hiyo hii imeachana na ukuta, haina mjadala, na fundi yeyote atakayekwambia ni kawaida ya bunduki za zamani muage urudi nyumbani.

Matengenezo yake yako ya namna tatu na nitakwambia ninayoipenda. Kama pini yako ni ya kuchomoka, na kwenye bunduki nyingi za Birmingham ni ya kuchomoka, angalia pembeni ya bodi kwa mbele utaona duara dogo kila upande wakati mwingine lina mkato wa bisibisi, basi inatolewa inakerezwa nyingine nene kidogo. Mitutu inasukumwa nyuma sawasawa na chuma ni kipya. Hii ndiyo naipenda. Kama pini imechongwa pamoja na bodi, haitoki, hapo unafanya kazi upande wa ndoano. Ama inakatwa nafasi ndani ya ndoano na kupachikwa kipande kipya cha chuma kwa mkia wa njiwa, ama inajazwa kwa weldingi ya gesi ya agoni na mtu anayejua kushika joto lisitembee. Siyo ile ya vijiti aliyoisema mama. Lehemu ya kati ya mitutu inayeyuka kwenye nyuzi mia mbili na kitu, ni joto dogo sana hilo, ukishaona chuma kimebadilika rangi hapo nundu ujue umechelewa.

Kuna ya nne ambayo ni bati jembamba la chuma linawekwa ndani ya ndoano. Hiyo ni plasta. Inashika msimu mmoja.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na pini nzuri. Mitutu ikirudi nyuma, mikato iliyo kwenye nundu nayo imerudi nyuma, haikutani tena na makomeo pale ilipokuwa inakutana. Kwa hiyo komeo linaguswa mwisho kabisa, baada ya bawaba, siyo mwanzo. Fundi wa mageti alitaka kuanza mwisho.

Ukaaji wenyewe unafanywa kwa masizi. Mimi nilitumia koroboi ya mafuta ya taa mpaka siku ya mwisho ya kazi, kuna dawa za bluu za madukani lakini moshi wa koroboi ni mwembamba kuliko chochote. Unapitisha ndoano na nyuma ya mitutu juu ya moshi inakuwa nyeusi, unafunga taratibu, unafungua. Palipogusa panang'aa. Unagusa hapo tu, na tupa laini, mara mbili tatu, unarudia moshi. Mara ya kwanza utaona vidoa viwili vinang'aa. Unataka nyuma ya mitutu yote miwili ing'ae kuzunguka na tumbo lote la ndoano ling'ae. Inaweza kuchukua siku mbili na unafunga na kufungua mara mia. Hiyo ndiyo kazi unayoilipia, pini yenyewe ni kipande cha chuma tu.

Mkereza_Vyuma

Nimejifunza sana mzee. Ila naomba niongeze, mtu asije akanifuata Vingunguti nimkerezee pini. Kukereza naweza mpaka sehemu ya mia ya milimita lakini chuma gani na ugumu kiasi gani sijui, na sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015 inataka anayetengeneza silaha awe na leseni ya kazi hiyo. Pini laini italiwa na ndoano, pini ngumu kupita kiasi itakatika. Hiyo iwe mikononi mwa mwenye karakana ya silaha.

Kijana_wa_Ilala

Na je kulegea kwenyewe kunaepukwaje mzee? Yangu bado imebana.

FundiMstaafu_Temeke

Grisi kidogo kwenye pini na ndoano, kidogo kabisa, kiasi cha kichwa cha kiberiti, na kabla ya kupaka mpya futa ile ya zamani yote. Grisi ya zamani imekula vumbi, na vumbi na grisi ni tupa. Mchanga wa huku pwani ni mkali. Usiifunge kwa kuirusha kwa mkono mmoja kama unavyoona kwenye sinema, shika mitutu uipandishe kwa mkono, leva irudi kwa kidole. Usiitunze ndani ya mfuko wa ngozi ukiwa Dar, ngozi inanywa unyevu wa bahari na kuulaza kwenye chuma. Na risasi ya urefu wa chemba yako.

Mkulima_wa_Mbagala

Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya tatu sasa.

Polisi wilayani walinielekeza karakana yenye leseni, nikaipeleka na karatasi zangu zote. Risasi za 70 nimezirudisha. Fundi alifungua mbele yangu kama nilivyomuomba, pini ni ya kuchomoka. Ila kabla hajaitoa alisafisha ndoano kwa brashi na mafuta ya taa, akanyamaza, akaniita niangalie na taa. Ndani ya ule mkato kulikuwa na bati jembamba la chuma, kama la kopo, limeng'aa kwa kusuguliwa. Upande mmoja limekatika na nusu nzima haipo.

Kwa hiyo ilishatengenezwa zamani. Nikampigia baba mdogo, akakumbuka, anasema kweli babu aliipeleka kwa mtu mwaka fulani wa tisini na kitu, akarudi amefurahi imebana. Ndipo msimu uliofuata ikaanza kucheza na yeye akadhani ndivyo bunduki inavyozeeka.

Fundi anakereza pini mpya. Nimemuuliza ukaaji atapima kwa nini, akanionyesha koroboi iko chini ya meza.

FundiMstaafu_Temeke

Hapo mwache afanye kazi mwanangu, usimharakishe. Akimaliza mwombe akufungie bila ubao wa mbele, uitikise wewe mwenyewe kabla hujalipa. Na hiyo pini ya zamani iombe uione, uipitishe ukucha, utasikia bonde upande mmoja tu, ule uliokuwa unavuta.